Albamu ya kwanza ya bendi: kwa nini nashauri mpige pamoja katika chumba kimoja

Ndugu yangu, umeuliza iwapo bendi yenu, inayojiandaa kurekodi albamu ya kwanza, ikubali ushauri wa prodyuza wa kurekodi kila mpigaji peke yake kwa zamu, au ishikilie kupiga kwa pamoja kama mnavyopiga ukumbini. Umeeleza kwamba mnapiga muziki wa dansi, mna magitaa matatu, dramu, tumba na wapulizaji wawili, na kwamba studio mliyoipata ina chumba kimoja kikubwa na chumba kidogo cha mitambo. Jibu langu ni kwamba dramu, tumba, gitaa la besi, solo na rizimu virekodiwe kwa wakati mmoja, wapigaji wakiwa wanaonana, kisha waimbaji na wapulizaji wafuate. Nasema hivyo kwa sababu bendi niliyokuwa nikiipigia gitaa la rizimu ilirekodi albamu yake ya kwanza mwaka 2006, hapa hapa Dar es Salaam, katika studio moja ya Sinza, na tulizijaribu njia zote mbili ndani ya albamu hiyo hiyo.

Studio nyingi za jiji wakati huo zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya Bongo Fleva, na kazi hiyo zilikuwa zikiifanya vizuri sana. Prodyuza alitengeneza biti katika kompyuta, msanii akaingia katika kibanda kidogo, akaimba akiwa na hedifoni masikioni, na wimbo ukakamilika. Prodyuza wetu alikuwa kijana mwenye sikio kali na subira, na alipotuona tumeingia na amplifaya, seti ya dramu na tumba, alitupangia utaratibu aliouzoea: klik kwanza (mlio wa kuhesabu kasi unaosikika kwenye hedifoni), dramu ifuate klik, besi ifuate dramu, rizimu ifuate besi, solo mwisho. Wimbo wa kwanza tuliurekodi hivyo. Kila ala ilisikika safi, hakuna noti iliyokosewa, na nusu ya kwanza ya wimbo, ile ya kusimulia kisa, ilipendeza. Ulipofika kwenye chemko, yaani sehemu ya pili ya kuchezesha watu, wimbo ulisimama. Mdundo uliendelea, magitaa yakaendelea, lakini hakuna aliyekuwa akimsukuma mwenzake.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako, na naomba nipaeleze kwa kirefu. Wimbo wa dansi una sehemu mbili ambazo kimuziki ni kama viumbe wawili. Sehemu ya kwanza ina beti na kiitikio, na mwendo wake ni wa utulivu, kwa kuwa watu wanatakiwa kuyasikia maneno. Kisha mpiga solo anabadilisha mzunguko, mpiga dramu anamjibu, besi inaacha kutembea na kuanza kuruka, na wimbo unaingia katika chemko, ambapo wachezaji na rapa wanachukua nafasi. Mabadiliko hayo hayana sekunde iliyopangwa. Mpiga solo huyaanza anapoona kwamba waimbaji wamemaliza kweli, na mpiga dramu humsoma begani na mkononi kabla hata sauti haijatoka. Kasi nayo hupanda kidogo kidogo, na kila mmoja huipandisha kwa kumsikiliza mwenzake. Mimi kama mpiga rizimu, mkono wangu wa kulia huishi kati ya tumba na besi: tumba likivuta nyuma kidogo, nami navuta, na besi ikisogea mbele, nasogea nayo. Ukiniweka peke yangu na klik, nitapiga kwa usahihi, lakini sina wa kuvutana naye. Mpiga solo anayekuja mwisho kabisa, wakati wengine tumeshapiga na kwenda zetu, anaongoza chemko ambalo lilishaamuliwa bila yeye, ilhali ukumbini yeye ndiye dereva.

Aliyetusaidia kuligeuza jambo hili alikuwa mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu wa redio, ambaye mpiga tumba wetu alimwita baba mkubwa kwa udugu wa kweli. Alikuja jioni moja kwa mwaliko wa mpiga tumba, tukamwamkia, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, akasikiliza ule wimbo wa kwanza mara moja tu. Kisha akamwuliza prodyuza, kwa upole kabisa: “Mwanangu, hawa vijana walipiga siku moja?” Prodyuza akajibu, “Hapana baba, kila mtu alikuja kwa siku yake.” Mzee akasema, “Inasikika. Kesho wakusanye wote, nami nitakuja.”

Ili uelewe uzito wa kauli ile, kumbuka mahali alipotoka. Kwa miongo kadhaa, bendi za nchi hii zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutoa sahani za santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka sahani ilitegemea zaidi kampuni za Nairobi, ambako wimbo mrefu ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Nyimbo nyingi za NUTA Jazz na majina yake yaliyofuata, za Mlimani Park, za Vijana Jazz na za Maquis zilibaki hai kwa sababu ya mikanda ya redio. Bendi iliingia studio ikiwa imeshaufanyia wimbo mazoezi hadi umekaa, ikapiga yote kwa pamoja, waimbaji na wapulizaji wakiwemo, na fundi mitambo akasawazisha sauti wakati ule ule, kwa sababu maikrofoni zilikuwa chache na hapakuwa na nafasi ya kurudi baadaye kuongeza gitaa hapa au kupunguza dramu pale. Ukisikiliza rekodi hizo leo, utasikia mapungufu ya mitambo, lakini hutasikia chemko lililosimama.

Mzee hakutaka turudi katika enzi hiyo. Alichokitaka ni kuchukua upigaji wa pamoja wa redio na kuutia katika kompyuta yenye traki nyingi, yaani njia nyingi za kurekodia, ili kila ala iwe na traki yake, na bado wote tuwe tumepiga kwa pumzi moja. Ugumu wa jambo hilo ni uvujaji wa sauti: maikrofoni ya tumba inasikia dramu, maikrofoni ya dramu inasikia gitaa, na ukitaka kupunguza kimoja unapunguza na kingine. Hii ndiyo sababu kubwa ambayo prodyuza wako ataitoa, na ni sababu ya kweli. Dawa yake ni mpangilio wa chumba, na nitaueleza kama tulivyoufanya, kwa kuwa chumba chenu kinafanana na chetu.

Dramu iliwekwa kwenye kona ya mbali, nyuma yake na ubavuni tukasimamisha magodoro mazito. Gitaa la besi halikupitia spika yoyote: lilichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, kupitia kisanduku kidogo cha kulinganisha umeme wake, na hivyo chanzo kikubwa kabisa cha mngurumo kikaondoka chumbani. Amplifaya ya solo ilipelekwa stoo, ya rizimu ikapelekwa kwenye korido ya nyuma, kila moja na maikrofoni yake karibu na kitambaa cha spika, nyaya ndefu zikapita chini ya milango. Sisi wapigaji tulibaki chumbani, tumesimama nusu duara mbele ya dramu. Hivyo magitaa hayakuvuja kabisa, na bado tulionana. Tumba lilikaa upande wa pili wa chumba, na mzee alifuata kanuni ya zamani ya mafundi kwamba umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maikrofoni na ala yake. Maikrofoni ya tumba ikiwa sentimita 30 juu ya ngozi, basi ile ya karibu nayo isikaribie zaidi ya sentimita 90. Kwa zile mbili zinazoning’inia juu ya dramu alitumia uzi: akashika ncha moja katikati ya sineya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali katika seti ya dramu, akapima hadi maikrofoni ya kwanza, kisha akaipeleka ya pili kwenye urefu ule ule. Zikitofautiana, mlio wa sineya unafika kwa moja kabla ya nyingine, mawimbi yanafutana, na sineya inasikika nyembamba hata ukiiongezea sauti namna gani.

Niongeze hapa neno kuhusu trei za mayai, kwa sababu bado naziona kwenye kuta za studio nyingi za mitaani. Hazizuii sauti kutoka nje wala kuingia, na hazinyonyi mngurumo wa besi hata kidogo. Zinapunguza tu mwangwi mdogo wa sauti za juu. Kinachozuia sauti ni uzito, yaani ukuta mnene, mlango mzito usio na nafasi chini yake. Kinachoinyonya ni kitu kinene chenye nyuzinyuzi, na unene ndio unaoamua ni sauti ya chini kiasi gani itanyonywa. Kama studio yenu ina trei za mayai peke yake, chukueni magodoro na mazulia mazito majumbani mwenu siku ya kurekodi.

Suala la hedifoni linapuuzwa sana, na kwa upigaji wa pamoja lina uzito kuliko aina ya maikrofoni. Kwa kuwa magitaa yalikuwa stoo na koridoni, njia pekee ya kuyasikia ilikuwa hedifoni. Sauti hewani husafiri takriban mita moja kwa milisekunde 3, kwa hiyo wanamuziki waliosimama mita tatu mbali wanasikiana kwa kuchelewa kidogo ambako mwili wetu umekuzoea. Lakini sauti ikipita katika kompyuta kabla ya kurudi masikioni, na kompyuta ikiwa imepangiwa kukusanya sampuli (vipande vidogo mno vya sauti) 1,024 kila mara kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde, ucheleweshaji unafika kama milisekunde 23 hata kabla ya kuhesabu njia ya kurudi. Ni sawa na kumsikia mwenzako akiwa karibu mita nane kutoka ulipo, na kwa chemko hiyo ni mbali mno. Mzee alimtaka prodyuza atoe sauti za hedifoni moja kwa moja kwenye mikisa, kabla hazijaingia katika kompyuta. Mara tulipofanya hivyo, mpiga besi wetu, ambaye alikuwa akilalamika kwamba dramu “inamkimbia”, alitulia. Ulizeni studio yenu jambo hilo kabla ya kulipa chochote.

Klik tuliifanyia uamuzi wa kati. Mpiga dramu peke yake aliisikia, kwa mizunguko minne ya mwanzo tu, ili wimbo uanze kwa kasi tuliyokubaliana mazoezini, kisha prodyuza akaizima. Kuanzia hapo kasi ilikuwa ya bendi. Naamini kabisa kwamba muziki wa dansi usifungwe kwenye klik kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ule upandaji wa kasi kuelekea chemko ni sehemu ya utunzi.

Kuhusu mazingira ya jiji letu, mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgawo mkali wa umeme, ukame ukiwa umepunguza maji katika mabwawa ya Mtera na Kidatu, na kwa hiyo tulirekodi zaidi usiku, umeme ulipokuwepo. Usiku ulitufaa hata hivyo, kwa maana daladala zilipungua, na tulipanga mapumziko yetu yaangukie wakati wa adhana. Jenereta tulikataa kuitumia kwa kurekodi ala, kwa kelele yake na kwa umeme wake usiotulia. Mngurumo wa umeme wa hezi 50 uliingia kwenye magitaa kila tulipowasha taa za tyubu, tukazizima tukatumia balbu za kawaida, na fundi umeme akatengeneza upya waya wa ethi.

Joto lilitusumbua kuliko umeme. Kiyoyozi kinanguruma, kwa hiyo kilizimwa kila tulipoanza wimbo, na chumba kilichofungwa chenye watu watano, usiku wa Dar es Salaam, kinapata joto haraka. Nyuzi za gitaa zikipata joto zinalegea na sauti inashuka. Saksafoni na tarumbeta zikipata joto sauti inapanda. Ngozi ya tumba nayo inalegea kwa unyevu wa pwani. Maana yake ni kwamba ala zilizolingana mwanzoni mwa wimbo zinaachana kila moja upande wake. Tulijiwekea sheria ya kurekebisha magitaa kwa tyuna, noti ya La ikiwa hezi 440, kabla ya kila mara ya kurekodi, hata kama mtu ana hakika gitaa lake liko sawa. Hii pia ndiyo sababu mojawapo ya kuwaacha wapulizaji waje baadaye: wao wanaweza kusogeza kidomo cha saksafoni au bomba la tarumbeta kuifuata rekodi iliyokwisha kutulia, ilhali gitaa haliwezi kuwafuata wao.

Kila wimbo tuliupiga mzima mara kadhaa, kisha tukasikiliza wote pamoja, mlango wazi, kiyoyozi kimewashwa. Tulichagua kwa kuliangalia chemko kwanza. Noti moja ya gitaa iliyokosewa katika beti inaweza kurekebishwa, maana amplifaya ilikuwa stoo na traki yake ni safi. Chemko lililopoa halirekebishiki. Katika wimbo mmoja tulichukua beti za upigaji mmoja na chemko la upigaji mwingine, na kiungo hakikusikika, kwa sababu traki zote zilikatwa mahali pamoja, kwenye pigo moja la sineya, na zote zilitoka kwa watu wale wale waliokuwa chumbani kwa pamoja.

Waimbaji watatu walisimama kuizunguka maikrofoni moja kwa viitikio, mwenye sauti kubwa akirudi nyuma hatua, kama walivyofanya wakubwa wao redioni. Prodyuza alitaka kila mmoja aimbe peke yake ili aweze kuwasawazisha baadaye. Tulisikiliza namna zote mbili, naye mwenyewe akachagua ile ya pamoja, kwa kuwa irabu zao ziliungana na pumzi zao zilikatika mahali pamoja. Sauti ya mwimbaji kiongozi ilirekodiwa peke yake, na hilo ni sawa, maana ndiyo inayobeba kisa na inahitaji usafi.

Jambo jingine lililotulazimu kufikiri lilikuwa urefu. Albamu bado ziliuzwa kwa kanda, na kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, kwa hiyo nyimbo nane zenye chemko refu zilipaswa kugawanyika ili pande zilingane. Tulifupisha beti za nyimbo mbili na kuliacha chemko likae kama lilivyo. Ninyi hamna kikomo cha kanda, lakini ningewashauri mpime hata hivyo: ukumbini chemko hurefuka kwa sababu ya watu wanaocheza, na katika rekodi hakuna anayecheza mbele yenu, kwa hiyo kubalianeni mazoezini ni mizunguko mingapi ya solo itapigwa na nani atatoa ishara ya kumaliza.

Prodyuza wenu msimchukulie kama mpinzani. Wa kwetu alijifunza mpangilio ule pamoja nasi, na ustadi wake wa kompyuta uliisaidia albamu wakati wa kumiksi kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiye aliyeipa besi nafasi yake bila kulifunika tumba, na ndiye aliyesisitiza tuisikilize miksi ndani ya daladala ya rafiki yake kabla ya kuikubali. Mwombeni awape wimbo mmoja wa majaribio kwa njia mliyoizoea. Kama studio inatoza kwa wimbo na si kwa saa, kubalianeni kwamba siku nzima ya kwanza ni ya kupanga chumba na kusikiliza, na muwe tayari kuilipia siku hiyo, kwa sababu anayelipwa kwa wimbo hana sababu ya kupima sineya kwa uzi.

Kabla ya kusaini, ingieni chumbani mpige makofi mkiwa katikati na mkiwa kwenye kila kona. Mkisikia mlio mkali unaorudi kama chuma, pale msiweke tumba. Ulizeni kama mikisa ina matundu ya kutosha kwa ala zote kwa wakati mmoja; kwa bendi yenu, dramu yenye maikrofoni nne, tumba mbili, besi, magitaa mawili, na maikrofoni moja ya mwimbaji wa kuwaongoza wakati wa kupiga, mnahitaji si chini ya kumi. Na katika makubaliano ya maandishi, andikeni kwamba faili za kila traki, si miksi peke yake, zitakabidhiwa kwa bendi siku ya mwisho, zikiwa zimenakiliwa kwenye diski mbili zitakazotunzwa katika nyumba mbili tofauti.